Sura ya Saba: Muhuri wa Miezi Sita

Ukizisoma sheria za uhamiaji za nchi nyingi utaona zinawafahamu vizuri wageni wa namna mbili. Wa kwanza ni mtalii: anakuja, anatembea, anatumia pesa, na baada ya wiki mbili anaondoka. Wa pili ni mwanachuo: ana barua ya chuo kikuu, ana miaka mitatu au minne mbele yake, ana msimu wa mitihani na siku ya kuvaa joho. Anayekuja kujifunza lugha haingii vizuri katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Wiki mbili hazimtoshi, miaka minne hana haja nayo, na sehemu kubwa ya darasa lake iko sokoni, kwenye daladala na jikoni kwa mwenye nyumba wake, ambako hakuna daftari la mahudhurio. Ofisa akimuuliza amekuja kufanya nini, jibu lake la kweli ni kwamba amekuja kuongea na watu, na jibu hilo halina nafasi kwenye fomu.

Sura hii inamhusu mtu huyo, na nimeiandika nikimfikiria akiwa Kigali. Katika miji yote ya Afrika Mashariki ninayoifahamu, Kigali ndio mji ambao sera ya lugha imegusa maisha ya watu kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mwaka uliofuata Rwanda ikaingia Jumuiya ya Madola. Katiba iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015 inataja Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi, kisha mwaka 2017 sheria iliyopitishwa na bunge ikaongeza Kiswahili, kikawa cha nne. Kwa hiyo nyumba moja ya Kimironko au Gikondo yaweza kuwa na bibi aliyesomea Kifaransa, baba aliyekulia ukimbizini Tanzania au Kongo na kurudi na Kiswahili chake baada ya 1994, na mtoto anayefanya hesabu kwa Kiingereza, wote wakikutana kwenye Kinyarwanda wakati wa chakula.

Mtoto huyo akimaliza sekondari hutazama mbali. Anakwenda Goethe-Institut kuanza Kijerumani, au Taasisi ya Confucius, iliyoanzishwa mwaka 2009 katika kilichokuwa chuo cha ualimu cha KIE na ambayo leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Anauliza habari za Japani na Korea. Swali lake la kwanza huwa ni hili: viza inapatikanaje? Ni swali halali na nitalijibu. Ila nataka nimwonyeshe pia mlango mwingine, ulio karibu, ambao kisheria umefunguliwa tangu 2010 na ambao vijana wengi wa mji huu hawajawahi kuutumia kwa ajili ya lugha.

Nianzie mbali kabisa, Thailand, kwa sababu nchi hiyo ina viza inayomtambua mwanafunzi wa lugha waziwazi, na yaliyoipata viza hiyo yana funzo kwa kila mtu anayepanga kwenda kujifunza ugenini.

Viza hiyo huitwa Non-Immigrant ED. Herufi mbili za mwisho zinasimamia elimu, na elimu hiyo si ya chuo kikuu peke yake. Mgeni anaweza kujiandikisha katika shule binafsi ya lugha Bangkok au Chiang Mai, mradi shule iwe imeidhinishwa na wizara ya elimu ya nchi hiyo, na shule ikamwandalia barua za kupeleka ubalozini. Akishaingia hupewa siku 90. Zikikaribia kwisha, shule humpa barua nyingine, naye huenda ofisi ya uhamiaji kuomba nyongeza na kulipa baht 1,900. Kwa mwanafunzi wa shule ya lugha nyongeza huja kwa vipande vya siku 90, kwa hiyo mwaka mzima wa kujifunza hukatwakatwa kuwa safari kadhaa za ofisini. Juu ya hayo, mgeni yeyote aliyekaa siku 90 mfululizo lazima aripoti anuani yake. Na akitoka nje ya nchi bila kibali cha kurudi, hata kama ni kwa mazishi ya mzazi, ruhusa yake ya kukaa inakufa mpakani.

Kwa juu juu utaratibu huu ni wa haki. Kithai kina toni tano na herufi za konsonanti 44, na hakuna anayekipata kwa miezi miwili. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji wiki 44, yaani saa 1,100 za darasani, ili akimudu Kithai kikazi. Viza inayoweza kurefushwa kwa vipande inampa mtu muda huo.

Lakini wageni waliotaka tu kuishi Thailand, bila nia yoyote ya kujifunza, waligundua kwamba ada ya shule ya lugha ni bei nafuu ya ruhusa ya kukaa. Wakajiandikisha, wakalipa, wasionekane darasani. Baadhi ya shule ziliwakaribisha kwa mikono miwili. Serikali ilipoamka ilibana kila mtu: ofisa wa uhamiaji akaanza kumhoji mwombaji kwa Kithai pale pale dirishani, kumtaka asome sentensi au aandike jina lake, na kudai karatasi za mahudhurio. Aliyesoma kwa bidii na aliyedanganya wakajikuta kwenye foleni moja, wakitazamwa kwa jicho moja. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria, kwa sababu viza iliyotungwa kwa heshima ya lugha ya nchi ndiyo ilimgeuza mwanafunzi mwaminifu kuwa mtuhumiwa.

Julai 2024 Thailand ilibadili mambo tena. Iliwaongezea raia wa nchi 93 muda wa kukaa bila viza hadi siku 60, na ikaanzisha viza mpya, DTV, ya miaka mitano, inayomruhusu mtu kukaa siku 180 kila aingiapo. Ada yake ni baht 10,000, na mwombaji aonyeshe akiba ya baht 500,000. Viza hiyo inawapokea wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa mbali na waajiri wao, na wanaokuja kujifunza ndondi za Kithai au mapishi. Mwenye akiba hiyo na sababu mojawapo ya hizo anaweza kukaa na kujifunza lugha bila kusumbuliwa na shule yoyote. Asiye nayo anabaki na ED yake na vipande vyake vya siku 90. Orodha ya nchi 93 ina mataifa machache mno ya Afrika. Kijana wa Kigali anayekipenda Kithai, na ninaamini wapo, ajue kwamba ubalozi wa Thailand ulio karibu naye ni wa Nairobi, kwamba maombi yamehamishiwa mtandaoni tangu Januari 2025, na kwamba ED ndiyo njia yake. Achague shule yenye madarasa ya kweli, kwa sababu siku ya kuhojiwa dirishani atajibu peke yake, mwenye shule hatakuwepo.

Nchi nyingine nitazipitia kwa haraka. Ujerumani ina kibali cha kozi ya lugha peke yake, tofauti na kile cha masomo ya chuo. Kozi lazima iwe ya nguvu, saa 18 kwa wiki au zaidi, na kwa kawaida kibali hakizidi mwaka mmoja. Kinachowakwamisha wengi ni pesa. Mwombaji huonyesha akaunti iliyofungwa, ambayo pesa zake hutoka kidogo kidogo kila mwezi, na tangu Septemba 2024 kiwango cha mwanafunzi ni euro 11,904 kwa mwaka. Kwa anayesoma lugha tu balozi huweza kudai zaidi kidogo. China ina viza za X: X2 kwa masomo yasiyozidi siku 180, na X1 kwa yanayozidi hapo, ambayo mwenye nayo hupaswa kuibadilisha kuwa kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 baada ya kufika. Ndiyo sababu ufadhili unaopitia taasisi za Confucius una mvuto mkubwa Kigali: unakuja na karatasi zake, na muhula au mwaka wa lugha unalipiwa. Japani humtaka mwanafunzi apate kwanza cheti cha kustahili kinachoombwa na shule yenyewe kule kule Japani, kisha humruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki, jambo lililowavuta wengi na pia kuwachosha wengi. Korea Kusini ina D-4 kwa wanaosoma lugha, na D-2 kwa wanaosomea shahada.

Katika nchi zote hizo mpangilio ni ule ule: kwanza shule, kisha pesa, kisha barua, mwisho viza, na mwombaji akikataliwa kwenye hatua ya mwisho ameshalipia zile tatu za mwanzo. Familia nyingi za Kigali zimeuza shamba kwa mpangilio huo. Siwakatazi. Nawaomba tu waanze kwa kutazama muhuri ambao hauuzishi shamba.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Rwanda ilikuwa mwanachama kamili kwa miaka mitatu wakati huo. Wengi wanaikumbuka itifaki hiyo kwa ushuru na biashara, lakini ndani yake mna kiambatisho kinachohusu watu wanaotembea. Kinasema raia wa nchi mwanachama akiingia nchi nyingine ya Jumuiya kama mgeni apewe hati ya kukaa hadi miezi sita, bila kulipa. Na kinamtaja mwanafunzi kwa jina: aliyekubaliwa katika chuo kinachotambuliwa aombe hati ya mwanafunzi, na hati hiyo itolewe bila ada na kufanywa upya anapoendelea na masomo. Pesa za akaunti iliyofungwa hazimo, wala sharti la kuthibitisha akiba.

Nadhani watu hawajatafakari uzito wa jambo hili. Miezi sita ni wiki 26. Mtu akisoma na mwalimu saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, anapata saa 520, na hapo sijahesabu saa za sokoni na za jikoni. Taasisi ile ile ya wanadiplomasia wa Marekani hukadiria Kiswahili kuwa cha wiki 36, saa 900, lakini makadirio hayo ni ya mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Mnyarwanda anafika akiwa tayari na ngeli kichwani, na upatanisho wa kisarufi, na kitenzi kinachobeba mtenda na mtendwa kwa pamoja. Mambo yanayomgharimu Mmarekani mwaka mzima, yeye aliyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Anachokosa ni msamiati na ujasiri, na vyote viwili hupatikana kwa kuishi na watu. Kwa Mnyarwanda miezi sita ya Tanga, Unguja au Mombasa inatosha kumtoa kwenye Kiswahili cha salamu na bei hadi kwenye Kiswahili cha kufundishia, cha kuandikia habari, cha kutetea hoja mkutanoni.

Na soko la ujuzi huo lipo. Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Kongo, iliyoingia Jumuiya mwaka huo huo wa 2022, ina mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili upande wake wa mashariki. Rwanda yenyewe imekifanya rasmi, na lugha rasmi inahitaji watafsiri, wakalimani, walimu na watangazaji. Kazi hizo zinasubiri watu wa kuzifanya.

Mgeni wa mbali anayetaka Kiswahili hicho hicho huwa halipi kidogo. Viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50 kwa siku zisizozidi 90, na Mmarekani hulipa dola 100. Akitaka kukaa zaidi kwa masomo anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, chenye ada yake, barua zake na subira yake. Hata hivyo wanakuja. Kwa miongo kadhaa wanafunzi wa Ulaya na Marekani wamejaza madarasa ya MS-TCDC, kituo kilichoanzishwa na Wadenmark huko Usa River karibu na Arusha, na madarasa ya TAKILUKI, taasisi ya Kiswahili ya Zanzibar ambayo leo imo ndani ya chuo kikuu cha SUZA. Wapo pia wanaokwenda Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mizizi yake inafika kwenye kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kijana aliyetoka Ohio amevuka bahari na kulipia kila muhuri ili akae meza moja na mwalimu ambaye kijana wa Remera angemfikia kwa basi.

Basi lenyewe linaondoka kituo cha Nyabugogo, Kigali. Njia ya Dar es Salaam inapita Kayonza, inashuka hadi Rusumo, inavuka daraja la Akagera na kuingia Ngara. Tangu 2016 Rusumo ina kituo cha pamoja, maofisa wa Rwanda na wa Tanzania wako chini ya paa moja, na msafiri hapangi tena foleni mbili za pande mbili za mto. Kwa upande wa Uganda njia ni Gatuna.

Hapa kuna tofauti ambayo lazima msafiri aijue. Rwanda, Uganda na Kenya zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Tanzania haikuingia kwenye makubaliano hayo. Anayekwenda Kampala au Mombasa kupitia Uganda anaweza kutoka nyumbani na indangamuntu, yaani kitambulisho hicho, mfukoni. Anayekwenda Tanga au Zanzibar anahitaji hati ya kusafiria, na siku hizi Rwanda hutoa pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, inayoombwa kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali. Anayejua ana mpango wa lugha mwakani aiombe sasa.

Mpakani, jambo la kwanza ni salamu. Mnyarwanda hajazoea shikamoo, na akimwambia "habari" ofisa aliyemzidi umri kwa miaka ishirini atakuwa ameanza vibaya bila kukusudia. Mazungumzo yanayokwenda vizuri huwa mafupi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mdogo wangu. Unakwenda wapi?"

"Tanga. Nakwenda kujifunza Kiswahili, nina mwalimu kule. Naomba miezi sita."

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yenye thamani. Itifaki inasema hadi miezi sita, na ofisa ndiye anayeandika idadi. Msafiri asiyesema kitu anaweza kupewa miezi mitatu, au mwezi mmoja, kwa sababu ofisa amemchukulia kuwa anakwenda kutembelea ndugu. Sheria itafuata tarehe iliyoandikwa kwenye ukurasa wa pasipoti, hata kama itifaki ingemruhusu zaidi. Asome muhuri kabla hajaondoka dirishani. Akiona siku ni chache aombe pale pale kwa upole, akionyesha barua ya mwalimu au ya chuo. Barua hiyo haihitaji makuu: jina la mwanafunzi, mahali atakapokaa, kozi inaanza lini na kuisha lini, saini na namba ya simu ya anayefundisha.

Nashauri pia asiseme uongo. Vijana wengi wamefundishana kwamba neno "utalii" halileti maswali, basi wanalitumia hata wakiwa na barua ya kujiunga na chuo ndani ya begi. Hapo wanajinyima. Anayejifunza kwa kuishi na familia na kumlipa mwalimu wa mtaani anakaa vizuri ndani ya hati ya mgeni. Lakini aliyesajiliwa chuoni, mwenye muhula na mitihani, anastahili hati ya mwanafunzi, na kwa kuwa ni raia wa Jumuiya hati yenyewe haina ada. Akijiita mtalii, chuo kitamwambia katikati ya muhula kwamba karatasi zake hazilingani na masomo yake, na kurekebisha kutamchukua siku ambazo angekuwa darasani. Thailand ilifika ilikofika kwa sababu watu waliandika kwenye fomu jambo lisilo la kweli. Miezi sita yetu ingali inatolewa kwa imani, na ningependa ibaki hivyo.

Nisiwafiche upande mwingine. Itifaki ni karatasi, na mipaka inaendeshwa na siasa. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022, na kwa miaka hiyo kitambulisho cha taifa hakikumvusha Mnyarwanda kwenda Kabale. Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Goma, mji wa Kongo ambao Mnyarwanda wa Rubavu alikuwa akiufikia kwa miguu asubuhi na kurudi jioni akiwa ameuza nyanya na kuongeza msamiati, uliingia vitani mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo anayepanga kujifunza lugha kwa jirani apange kama mkulima anavyopanga mvua: awe na njia ya pili. Kama Uganda imefungwa, Rusumo iko. Kama safari ya nchi kavu haiwezekani kabisa, bado kuna Nyamirambo, mtaa wa Kigali yenyewe.

Nyamirambo inastahili kutajwa kwa heshima. Kiswahili kilifika Kigali na watu waliokuja na Wajerumani. Richard Kandt alianzisha kituo chake hapa mwaka 1907, na askari, wapagazi na wafanyabiashara wa pwani na Tabora wakaja pamoja na lugha yao na dini yao. Biryogo, mtaa unaopakana na Nyamirambo, umebaki kuwa makao ya Waislamu wa mji na ya Kiswahili chao hadi leo. Kijana wa Kacyiru asiye na nauli ya Tanga anaweza kupanda basi la mjini, kushuka Biryogo, kunywa chai ya maziwa na kuanza. Hakuna muhuri unaohitajika. Nawaona watu wanaotafuta mwalimu wa Kiswahili kwenye simu wakati wazee wa Biryogo wamekaa barazani, na ningependa wasikawie kwenda kuwasalimu.

Njia hii ya kujifunza kwa jirani inakwenda pande zote mbili. Rwanda imefungua mlango wake kuliko nchi nyingi. Tangu Januari 2018 raia wa nchi yoyote duniani anaweza kupata viza ya siku 30 akishafika uwanja wa ndege wa Kanombe, na Novemba 2023, kwenye mkutano wa utalii wa dunia uliofanyika Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Mwafrika yeyote aingie Rwanda bila viza. Mgeni asiye Mwafrika na asiye na msamaha mwingine hulipa dola 50 kwa siku 30, au dola 70 kwa siku 90 za kuingia na kutoka. Anayetaka kukaa zaidi kwa masomo huomba kibali cha ukaazi cha muda kutoka Idara ya Uhamiaji, kupitia Irembo, akiwa na barua ya taasisi inayompokea. Na Mkenya au Mtanzania ana miezi sita yake, sawasawa na Mnyarwanda akiwa kwao.

Wachache mno kati yao wanaitumia kujifunza Kinyarwanda. Kigali imejaa Wakenya wanaofanya kazi benki na hotelini, Waganda wanaofundisha shule, Watanzania wenye malori na bidhaa, na wengi huishi hapa miaka mitano wakijua salamu na namba tu, kwa kuwa Kiingereza na Kiswahili vinawavusha. Watu wa Peace Corps, shirika la Marekani la wajitoleaji, ambao walirudi Rwanda mwaka 2009, huwaweka vijana wao wa Kimarekani nyumbani kwa familia za Kinyarwanda kwa miezi kadhaa kabla ya kuwapeleka vijijini, na vijana hao hutoka wakiongea. Kama kijana wa Nebraska anaweza, Mhaya wa Bukoba, ambaye lugha yake ina undugu na Kinyarwanda, anaweza kwa nusu ya muda huo.

Ninachokiomba kwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na kwa vyuo vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ni kozi zilizopimwa kwa muhuri huu. Kozi nyingi za lugha vyuoni ama ni za wiki tatu kwa watalii wenye dola, ama ni shahada ya miaka mitatu. Tunahitaji kozi ya wiki 24 inayoanza mwezi maalumu, yenye ada ya Afrika Mashariki, yenye nyumba za kukaa na mtihani mwishoni, ili mwanafunzi aingie na hati ya miezi sita, amalize, abakiwe na wiki mbili za kufunga mizigo na kuaga. Anayetaka kuendelea apewe barua ya hati ya mwanafunzi katika mwezi wa tano, kabla siku zake hazijaisha, maana ukikaa hata siku moja zaidi ya ulizoandikiwa umevunja sheria ya nchi uliyokaribishwa, na kumbukumbu yake itakusubiri mpakani utakaporudi.

Mpaka kozi hizo zitakapokuwepo, mtu ajipangie mwenyewe. Apate pasipoti. Atafute mwalimu, na kwa Tanzania anaweza kuanza kwa kuuliza BAKITA au BAKIZA, mabaraza yanayosimamia Kiswahili bara na visiwani. Achague mji mmoja na akae hapo. Anayehama kila wiki hujifunza majina ya vituo vya mabasi. Apange chumba kwenye nyumba yenye watoto na bibi, kwa sababu watoto humsahihisha mgeni bila aibu na bibi humsimulia bila haraka. Aandike tarehe ya mwisho ya muhuri ndani ya jalada la daftari lake la msamiati, na wiki nne kabla ya tarehe hiyo aende ofisi ya uhamiaji ya wilaya na barua mkononi, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu.